Kuvimba ni Kimoja, Kubana ni Kingine: Pumu ya Panya, Farasi na Paka

Septemba 2004 jarida la Science lilitoa, katika toleo moja na kwa kurasa zinazofuatana, tafiti mbili zenye swali moja. Panya aliyezaliwa bila eosinofili, zile chembe nyeupe za damu zinazojazana kwenye mapafu ya mgonjwa wa pumu ya mzio, akitengenezewa pumu maabarani, je, njia zake za hewa zitabana kwa wepesi kama za wenzake? Kundi la James Lee na Nancy Lee wa Mayo Clinic, Arizona, lilijibu kwamba hazibani: eosinofili zikikosekana, wepesi huo nao unakosekana. Kundi la Boston, la Alison Humbles na Craig Gerard, likajibu kwamba zinabana kama kawaida, isipokuwa tu kwamba ukuta wake haukujengeka kolajeni (nyuzi za protini) na misuli mingi kama wa panya wengine.

Panya wa Arizona walikuwa wa ukoo wa maabara uitwao C57BL/6. Wa Boston walikuwa wa ukoo mwingine, BALB/c. Na hili halikuwa jipya, kwa sababu mwaka 1996 mgawanyiko huohuo ulishajitokeza: Paul Foster na wenzake walionyesha kwamba C57BL/6 wasio na interlukini-5, protini ya kinga inayozikuza eosinofili, hawapati eosinofili wala wepesi wa kubana, huku David Corry na wenzake wakiwapa BALB/c kingamwili dhidi ya interlukini-5, eosinofili zikatoweka, na njia za hewa zikaendelea kubana vilevile. Watu wengi walizisoma tafiti hizi kama ugomvi wa nani amekosea. Mimi naona hakuna aliyekosea. Zinachosema zote nne ni kwamba kuvimba kwa njia za hewa na wepesi wa njia hizo kubana ni sifa mbili tofauti, ambazo katika ukoo mmoja zimefungwa pamoja na katika ukoo mwingine kila moja inakwenda njia yake. Hata hivyo, hadi leo mtafiti huhesabu seli kwenye maji aliyoshia mapafu ya panya, hesabu ikishuka anatangaza kwamba amepata dawa ya pumu. Na daktari wa mifugo humsikiliza farasi aliyeacha kukohoa, akaandika kwamba uvimbe umeisha. Wote wawili wamepima kitu kimoja na kutoa hukumu juu ya kingine.

Tuweke maneno sawa kwanza. Kuvimba hapa ni ukuta wa njia ya hewa kujaa seli za kinga, maji na kamasi. Wepesi wa kubana ni tabia ya njia hiyo kujikaza kwa kichocheo kidogo ambacho mnyama mzima asingekijali: vumbi kidogo, hewa baridi, au methakolini, kemikali inayoiga ujumbe wa neva kwa misuli laini inayozunguka mirija ya mapafu. Kuvimba hupimwa kwa kuhesabu seli. Kubana hupimwa kwa kumvutisha mnyama kiasi kinachoongezeka cha methakolini au histamini, kemikali ya mzio, na kuangalia ni kiasi gani kinachomkwamisha pumzi.

Kwa nini basi viwili hivi hutembea pamoja mara nyingi? Sehemu ya jibu ni hesabu tu. Hewa ikipita kwenye mrija kwa utulivu, ukinzani hupanda kwa kipeo cha nne cha kupungua kwa nusu-kipenyo. Chukua mrija wenye nusu-kipenyo cha milimita 1. Misuli ikijikaza na kula milimita 0.4, inabaki 0.6, na ukinzani unapanda karibu mara 8. Sasa chukua mrija huohuo ukiwa umepakwa kamasi na uvimbe wa milimita 0.1 tu, unene ambao ukipumua kwa utulivu usingekusumbua sana. Misuli ileile, ikijikaza kwa milimita zilezile 0.4, inaacha nafasi ya 0.5, na ukinzani umefika mara 16. Misuli haijaugua kitu chochote. Kilichobadilika ni nafasi iliyobaki. Kwa hiyo mashine itasoma "wepesi wa kubana" hata pale ambapo misuli ni mizima kabisa. Hapo ndipo tatizo la panya linapoanzia.

Panya haugui pumu. Anatengenezewa. Mapishi yaliyozoeleka zaidi ni ya ovalbumini, protini ya ute wa yai. Siku ya 0 na ya 14, panya jike wa wiki 6 hadi 8 anachomwa tumboni mikrogramu 20 za ovalbumini zilizoshikanishwa na miligramu 2 za hidroksidi ya alumini, chumvi ya kuchochea kinga, katika mikrolita 200. Siku ya 28, 29 na 30 anawekwa kwenye boksi linalopulizwa ukungu wa ovalbumini ya asilimia 1 kwa dakika 20 hadi 30. Saa 24 hadi 48 baada ya mvuke wa mwisho anapimwa. Kila maabara ina tofauti zake za siku na dozi, lakini mwili wa mapishi ni huo, na matokeo ya seli huwa makubwa mno: eosinofili ambazo kwa panya mzima karibu hazionekani zinakuwa nusu au zaidi ya seli zote za mapafuni.

Yanayoharibika ni mengi, na mengi hayaandikwi kwenye ripoti. Ovalbumini ya kawaida ya dukani huja na endotoksini, uchafu wa kuta za bakteria, na uchafu huo peke yake unatosha kuvuta nutrofili, aina nyingine ya chembe nyeupe za damu, au kubadilisha kabisa mwelekeo wa mzio kulingana na wingi wake. Aliyebadilisha kopo katikati ya utafiti amebadilisha utafiti. Wanaopitisha kizio (kile kinacholeta mzio) puani badala ya kukipuliza wanasahau kwamba tone la mikrolita 10 kwa panya aliye macho linaishia puani na tumboni. Ili lifike mapafuni panahitajika karibu mikrolita 50 na panya awe amelala kidogo kwa isoflureni, kichwa kikiwa juu, tone likiwekwa polepole lifuate pumzi zake. Na ukirudia kumvutisha ovalbumini kwa wiki nyingi, panya haendi kwenye pumu sugu kama ya binadamu. Anazoea. Kinga yake inaacha kujali, na eosinofili zinashuka zenyewe, jambo ambalo limewahi kuhesabiwa kama ushindi wa dawa. Kundi la kulinganisha lisilopewa dawa, lililovutishwa idadi ileile ya siku, ndilo pekee linaloweza kuonyesha tofauti.

Ndiyo maana maabara nyingi zimehamia kwenye utitiri wa vumbi la nyumbani, Dermatophagoides pteronyssinus: mikrogramu 25 za protini yake puani, siku 5 kwa wiki, wiki 3 au zaidi, bila alumini wala sindano ya tumboni. Ni hatua nzuri, kwa sababu mzio unaingia kwa mlango ambao kweli unapitiwa na binadamu. Lakini kila toleo la dondoo hilo lina kiasi chake cha endotoksini na vimeng'enya, na asiyeandika namba ya toleo amewanyima wenzake njia ya kurudia kazi yake.

Alumini nayo ina jambo lake. Mwaka 2000 Cara Williams na Stephen Galli walionyesha kwamba panya akihamasishwa kwa ovalbumini bila alumini, seli za masti, zile za kinga zinazomwaga kemikali za mzio, zinachangia sana wepesi wa kubana: waliokosa seli hizo walibana kidogo. Kwa mapishi yenye alumini, mchango huo karibu hauonekani, kwa kuwa kichocheo ni kikali kiasi cha kuzifunika. Lishike hili la seli za masti. Litarudi kwa binadamu na kwa farasi.

Tuje kwenye kupima. Mwaka 1997 kundi la Denver, Eckard Hamelmann na wenzake, lilitangaza njia rahisi: panya anaachwa huru ndani ya chemba, mabadiliko ya shinikizo la hewa ya chemba yanarekodiwa, na kompyuta inatoa namba inayoitwa Penh. Hakuna kupasua, hakuna usingizi, na panya wanane wanapimwa kwa mkupuo. Haishangazi kwamba Penh ilisambaa kama moto wa nyika. Kasoro yake ni ya msingi. Shinikizo la chemba linabadilika hasa kwa sababu hewa inayoingia kwa panya inapashwa joto na kupewa unyevu, na kwa sababu ya mpangilio wa muda wa kuvuta na kutoa pumzi. Panya akibadilisha tu mtindo wa kupumua, kwa kuogopa, kwa kuwashwa pua, au kwa chemba kupata joto, Penh inapanda bila mrija wowote kubana. Panya hupumua kwa pua peke yake, kwa hiyo hata kuziba kwa pua kunahesabika kama pumu. Mwaka 2004 Jason Bates, Charles Irvin na wataalamu wengine wa mekanika ya mapafu waliandika waziwazi kuhusu matumizi mabaya ya Penh. Utafiti unaosimama juu ya Penh peke yake, kwa maoni yangu, unaweza kusomwa kwa ajili ya seli zake. Sehemu ya kubana irukwe.

Njia inayoaminika ni ngumu na ina damu. Panya analazwa kwa dawa ya usingizi, trakea, bomba kuu la hewa shingoni, inapasuliwa, mrija wa chuma wa geji 18 au 19 unaingizwa na kufungwa kwa uzi wa hariri, kisha anapumuliwa na mashine ya msukumo wa mawimbi, mara nyingi flexiVent ya Montreal: pumzi 150 kwa dakika, mililita 10 kwa kilo (kwa panya wa gramu 20 hiyo ni mililita 0.2 tu), na shinikizo la sentimita 3 za maji mwishoni mwa kutoa pumzi. Kabla ya kuanza, mapafu yanajazwa hadi sentimita 30 mara moja au mbili ili sehemu zilizosinyaa zifunguke. Ukiruka hatua hii kila panya ana mwanzo wake na huna cha kulinganisha. Kisha methakolini kwa ngazi, kwa mfano miligramu 3.125, 6.25, 12.5, 25 na 50 kwa mililita, na baada ya kila ngazi vipimo kadhaa hadi kilele kipite. Fundo likivuja, ukinzani unasomeka vibaya. Usingizi ukiwa mwepesi, panya anapumua akishindana na mashine. Ndiyo maana wengi huongeza dawa ya kulegeza misuli na kutupa kipimo chochote ambacho ulinganifu wake na modeli umeshuka chini ya 0.9.

Faida ya taabu yote hii ni kwamba mashine inatenganisha ukinzani wa mirija mikubwa, unaoandikwa Rn, na ugumu wa mapafu yenyewe, H. Kwa kutumia utengano huo, Scott Wagers, Bates na wenzao wa Vermont walitoa mwaka 2004 matokeo ambayo naona hayajasomwa vya kutosha. Panya wa ovalbumini walibana sana, ndiyo, lakini kilichopanda zaidi kilikuwa H, dalili ya mirija midogo kujifunga kabisa na sehemu za mapafu kutengwa na hewa. Walipojenga hesabu yake, ukuta mnene na kamasi vilitosha kuyaeleza matokeo yote. Hapakuwa na haja ya kudhani kwamba misuli ilikuwa na nguvu au kasi kuliko kawaida. Kwa maneno mengine, panya huyo ana misuli mizima ndani ya mapafu mabovu, ule mrija wa milimita 0.1 tuliouchora juu.

Maumbile yake yanalingana na matokeo hayo. Mirija ya panya inagawanyika vizazi vichache sana ukilinganisha na takriban 23 vya binadamu, misuli laini ni haba kwenye mirija ya pembeni, tezi za kamasi zimebaki sehemu ya juu ya trakea tu, na seli za masti ndani ya mapafu ni chache. Hata kemikali hazilingani: seli za masti za panya hutegemea sana serotonini, huku simbilisi akibana vikali kwa histamini, jambo lililomfanya awe mnyama wa kwanza wa uwanja huu tangu John Auer na Paul Lewis walipoonyesha mwaka 1910 kwamba simbilisi anayekufa kwa mshtuko wa mzio anakufa kwa mirija ya hewa kufunga.

Gharama ya kuchanganya mambo haya ililipwa na binadamu, kwa miaka. Panya wa Foster na nyani kadhaa waliopewa kingamwili dhidi ya interlukini-5 walitoa tumaini kubwa. Mwaka 2000 jarida la Lancet lilichapisha jaribio la Margaret Leckie na wenzake kwa wanaume 24 wenye pumu nyepesi. Sindano moja ya mepolizumabu, kingamwili dhidi ya interlukini-5, iliporomosha eosinofili za damu na za kohozi, na wepesi wa kubana kwa histamini haukutikisika. Dawa ikaonekana imekufa. Ilifufuka mwaka 2009, pale tafiti mbili katika New England Journal of Medicine zilipochagua wagonjwa wenye pumu kali na eosinofili nyingi, zikaweka mbele hesabu ya mara walizozidiwa badala ya kipimo cha kubana. Mashambulizi yalipungua, na wepesi wa kubana, pale ulipopimwa, ulibaki palepale. Marekani iliidhinisha dawa hiyo Novemba 2015. Dawa haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kuipa mtihani wa somo ambalo haikusomea.

Binadamu mwenyewe ana ushahidi mzuri kuliko wa panya wowote. Mwaka 1989 Peter Gibson na wenzake walieleza wagonjwa wanaokohoa, makohozi yamejaa eosinofili sawasawa na pumu, lakini methakolini haiwabani: mkamba wa eosinofili. Uvimbe upo, kubana hakuna. Mwaka 2002 Christopher Brightling na wenzake wa Leicester walichukua vipande vya mirija ya makundi yote mawili. Eosinofili zilikuwa sawa. Unene wa ukuta chini ya utando ulikuwa sawa. Tofauti ilikuwa moja: kwa wenye pumu, seli za masti zilikuwa zimeingia ndani ya misuli laini yenyewe. Kwa hiyo swali la seli gani zipo halitoshi. Panahitajika pia zimekaa wapi, na maji ya kuoshea mapafu hayawezi kujibu hilo hata yakihesabiwa vizuri namna gani.

Farasi hahitaji ovalbumini. Anayefungiwa bandani na kulishwa nyasi kavu huugua mwenyewe, kwa kawaida akishapita miaka 7, na tangu makubaliano ya wataalamu wa Marekani ya mwaka 2016 ugonjwa wake unaitwa pumu ya farasi, nyepesi au kali. Chanzo kinajulikana: nyasi zilizofungwa robota zikiwa na unyevu unaozidi karibu asilimia 20 hupata joto ndani na kuotesha Aspergillus fumigatus na Saccharopolyspora rectivirgula. Mkulima wa Kenya anayefungua robota la nyasi za boma rhodes lenye harufu ya ukungu anavuta viumbe vilevile, na kiumbe huyo wa pili ndiye anayehusishwa na ugonjwa wa mapafu wa wakulima. Barakoa si mapambo.

Seli za farasi mwenye pumu kali ni nutrofili, siyo eosinofili, na zinafika mapafuni saa 4 hadi 6 tu baada ya vumbi. Kuzichukua kunahitaji mrija wa karibu mita 3 kupitia puani hadi ukwame kwenye tawi la pafu, puto lake lijazwe hewa mililita 5 hadi 10, farasi awe ametulizwa, na lidokaini nyepesi, dawa ya ganzi, itangulie ili asikohoe mrija ukatoka. Mililita 250 hadi 500 za maji ya chumvi yenye uvuguvugu zinaingizwa, angalau nusu irudi, na juu yake paonekane povu. Bila povu hukufika kwenye vifuko vya hewa. Farasi mzima ana nutrofili chini ya asilimia 5. Zaidi ya 25 ni pumu kali. Seli za masti zikizidi asilimia 2 kwa farasi wa mbio anayeonekana mzima ila mwendo umepungua, hiyo ni dalili ya pumu nyepesi, na kundi hili ndilo lililohusishwa na kubana kwa histamini. Brightling na farasi wa mbio wanasema jambo moja. Hapa maabara za haraka hukosea: rangi za papo kwa papo hazishiki vizuri chembechembe za seli za masti, mhesabuji akaandika sifuri. Daima omba rangi ya toluidini ya buluu.

Matibabu ya farasi yanaonyesha utengano wenyewe mchana kweupe. Mpe steroidi ya deksamethasoni, miligramu 0.04 hadi 0.1 kwa kilo, yaani miligramu 20 hadi 50 kwa farasi wa kilo 500, huku nyasi zilezile zikiendelea kuning'inia mbele yake. Ndani ya siku chache anapumua vizuri. Osha mapafu: nutrofili bado zimejaa. Mwaka 2012 Mathilde Leclere na Jean-Pierre Lavoie wa Montreal walilinganisha flutikasoni, steroidi ya kuvuta, na kuondolewa kwa vumbi. Katika makundi yote mawili misuli laini iliyokuwa imenenepa ilipungua kwa karibu asilimia 30, na steroidi ilifanya hivyo upesi zaidi. Lakini nutrofili zilishuka tu pale nyasi zilipoondolewa. Dawa ilitengeneza misuli. Banda ndilo lililotengeneza uvimbe. Ukipima kimoja utadhani kazi imekwisha.

Klenbuteroli ni upande wa pili. Mikrogramu 0.8 kwa kilo mara mbili kwa siku hulegeza misuli vizuri siku za mwanzo, kisha mwili unaizoea. Jaribio lililotoka mwaka huohuo wa 2012 lilionyesha kwamba baada ya siku 21 za kutumiwa peke yake, njia za hewa zilikuwa nyepesi kubana kuliko kabla ya kuanza. Mwenye farasi anayeinunua kwa miezi analipia ugonjwa. Atropini, miligramu 0.02 kwa kilo mshipani, ni ya dharura mara moja. Ukirudia unakaribisha msokoto wa tumbo. Na vidonge vya prednisoni ni hasara tupu kwa farasi, kwa kuwa tumbo lake haliifyonzi vizuri na ini lake haliigeuzi ipasavyo kuwa prednisoloni. Atumiwe prednisoloni yenyewe.

Kinachobaki ni nyasi. Kuziloweka zote chini ya maji kwa dakika 30 kunapunguza sana vumbi linaloingia mapafuni, mradi ziliwe zikiwa bado zimelowa: zikikauka kwenye neti, vumbi linarudi. Kuziloweka usiku kucha ni wazo baya linaloonekana zuri, kwa sababu bakteria huongezeka na sukari inakwenda na maji. Mvuke wa nyuzi 100 ndani ya robota kwa karibu saa moja ni bora zaidi, kwani unaua kuvu na kuondoa karibu vumbi lote. Maranda yasiyo na vumbi yachukue nafasi ya mabua ya ngano, na banda lifagiliwe farasi akiwa nje. Kumwachia robota la mviringo malishoni hakusaidii. Anazika pua humo na kuvuta kuliko alivyokuwa bandani. Jirani naye akibaki na nyasi zake kavu chini ya paa lilelile, hewa haijui ukuta wa mbao.

Kwa paka mambo yanafanana, ila kwa kificho zaidi. Pumu yake ni ya eosinofili, na paka mzima naye huwa nazo mapafuni kuliko mtu au farasi, hivyo wengi huweka mpaka kwenye karibu asilimia 17. Prednisoloni ya miligramu 1 hadi 2 kwa kilo kwa siku inakata kikohozi haraka, mwenye paka anafurahi, dozi inapunguzwa. Utafiti wa mwaka 2011 uliowaosha mapafu paka 10 wakiwa kwenye dozi kubwa, dalili zikiwa zimetulia, ulikuta wengi wao bado wamevimba. Kuipunguza dawa kwa kusikiliza kikohozi peke yake ni kubahatisha. Anayehamia flutikasoni ya kuvuta, mikrogramu 125 mara mbili kwa siku kupitia chemba yenye barakoa, pumzi 7 hadi 10 kila mara, aendelee na vidonge kwa wiki mbili za mwanzo, kwa sababu ya kuvuta huchelewa kufanya kazi. Salbutamoli, dawa ya kufungua mirija, ibaki ya dharura: ikitumiwa kila siku kwa wiki mbili, imeonekana kuongeza seli za uvimbe hata kwa paka wasio na ugonjwa.

Na kabla ya lolote, kwa paka anayewinda nje, mnyoo wa mapafu Aelurostrongylus abstrusus huleta kikohozi kilekile na eosinofili zilezile. Hubebwa na konokono na makoa, na konokono mkubwa wa Afrika Mashariki, Achatina fulica, ni mmoja wa wanaoweza kuubeba. Paka humpata kwa kula konokono mwenyewe, au ndege na panya waliomla. Mabuu hutoka kwenye kinyesi kwa vipindi, hivyo sampuli moja safi haithibitishi kitu. Zichukuliwe za siku tatu mfululizo, kinyesi kifungwe kwenye kitambaa, kitumbukizwe kwenye faneli ya maji ya uvuguvugu usiku kucha, na tone la chini litazamwe kwa hadubini. Pasipo na hadubini, fenbendazoli ya miligramu 50 kwa kilo mara moja kwa siku kwa siku 10 hadi 15 itangulie steroidi, si kufuata baada yake.